NANI ALIPELEKA DAFTARI LANGU KWA DAKTARI WA KLABU?

"Nani katika nyumba hii ameniuza?!"

Nilishtuka mpaka ukili ukanitoka mkononi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Nilikuwa nimekaa sakafuni sebuleni, nasuka mkeka wa kuvaa kiunoni kanisani, vazi letu la heshima sisi Watonga. Mkeka wenyewe ulikuwa wa mjukuu wangu Uesile. Na aliyekuwa mlangoni akipiga kelele ni huyohuyo Uesile!

Wasomaji wangu, naomba mnielewe. Huyu kijana hajawahi kupaza sauti ndani ya nyumba. Miaka ishirini na mbili! Ana kilo mia na kumi na mbili, shingo kama kisiki cha mnazi, lakini akiomba chumvi mezani inabidi umwambie arudie.

Siku ile jirani wa kushoto alizima mashine yake ya kukatia majani ili asikie vizuri.

Uesile akatupa karatasi juu ya mkeka, mbele ya magoti yangu.

Nikavaa miwani. Nikazigeuza. Nikaangalia...

Mwandiko wangu!

Zilikuwa nakala za daftari langu. Kurasa zote, mpaka doa la chai la ukurasa wa tatu lilitokea.

"Klabu wamenisimamisha," akasema. "Daktari analo daftari la Bibi. Kila kitu kimo! Nimeambiwa huenda nisiguse mpira tena maisha yangu yote. Nauliza tena. Nani amelipeleka?"

Sebuleni tulikuwa wanne. Mimi. Uesile. Baba yake Saimone, ambaye ni mwanangu, kakaa kwenye kochi na nguo zake za kazi za ghala, anaangalia vidole vya miguu. Na binti yangu Lesieli, dada yake Saimone, yaani shangazi yake Uesile.

Wa tano alikuwa jikoni, nyuma ya mlango. Telesia, dada yake Uesile, ambaye ni muuguzi.

Kabla sijaendelea, niwaambie habari ya daftari.

Mimi nilifika darasa la sita tu, huko Tonga, kisiwani kwetu. Lakini napenda kuandika. Zamu za akina mama wa kanisa za kupika, mimi ndiye ninayeziandika. Daftari hili la jalada la kijani nililinunua kwa kazi hiyo.

Mwezi wa pili likabadilika kazi.

Uesile alikuja kunywa chai baada ya mazoezi. Akamimina. Kikombe kikajaa. Akaendelea kumimina... Chai ikapita kwenye kitambaa cha meza, ikashuka sakafuni, ikafika kwenye soksi zake. Anaangalia tu, kama mtu anayetazama mvua dirishani.

"Uesile!"

"Eh? Nini, Bibi?"

"Chai!"

"Aa. Niko freshi, Bibi. Uchovu tu."

Alipoondoka nikachukua kalamu. Tarehe 11 Februari. Chai imefurika. Hakuona.

Ndivyo nilivyoanza.

Tarehe 2 Machi, siku moja baada ya mechi. Mguu mmoja kiatu cha kanisani, mguu mwingine kandambili. Ametoka hivyo mpaka getini.

Tarehe 19 Aprili. Ameuliza mara tatu kama tumeshakula. Sahani yake iko mbele yake, ina mifupa.

Tarehe 6 Mei... Nilimkuta uani, ameshika kamba ya kuanikia nguo. Mkono wa kushoto unaruka wenyewe. Macho yamekwenda juu. Nilihesabu mpaka arobaini na moja ndipo akarudi.

Nikamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamfuta jasho kwa kanga... kwa kile kitambaa ninachojifunga, tuseme kanga.

"Bibi, usimwambie Baba."

"Na shangazi yako?"

"Hasa Shangazi! Bibi, naomba. Hasa Shangazi."

Hapo wengine mtashangaa. Shangazi ana nini?

Sisi Watonga, hata tukiishi Sydney miaka arobaini, shangazi ndiye mkubwa wa watoto wa kaka yake. Akisema kaa, unakaa. Akitamani kitu chako, unampa kabla hajamaliza kusema. Baba mtu hamjibu. Mimi niliyemzaa, akiwa anasema jambo la watoto wa kaka yake, nasubiri amalize.

Na Lesieli ndiye aliyempeleka Uesile uwanjani akiwa na miaka sita. Alimfunga kamba za viatu yeye mwenyewe. Raga ya watu kumi na tatu, ile ya mtaa wetu wa Mount Druitt, ambayo kila nyumba ina mtoto anayeicheza. Siku ya mechi Lesieli anafunga bendera nyekundu mbili za Tonga kwenye gari, anapiga honi kuanzia kwake mpaka uwanjani. Kanisani anasimama kuomba: Mungu, mfikishe kwenye jezi ya taifa.

Uesile anacheza safu ya mbele, katikati kabisa, pale wanapogongana kama ng'ombe kwenye mlango mwembamba. Mara ishirini kwa mechi. Mara thelathini. Anasimama, anapangusa pua, anarudi.

Sasa utamwambiaje shangazi kama huyo kwamba umechoka?

Huwezi. Hakuna neno lake.

Basi nikanyamaza. Nikaandika. Daftari nikalificha chini ya bati la mkate.

Mwezi wa sita nilidhani mambo yamefika mwisho. Katika mechi moja Uesile alitoka kupumzika akaenda kukaa benchi la timu pinzani! Watu walicheka. Kesho yake daktari wa klabu akaja nyumbani, Daktari Whitlock, mama wa Kizungu mwembamba, viatu vyake vizuri. Akavivua mlangoni bila kuambiwa. Nikampenda.

Akaketi. Akamgeukia Telesia.

"Wewe ni muuguzi, na unaishi naye. Umeona dalili yoyote? Kichwa kuuma? Kutapika? Kusahau?"

Uesile alikuwa palepale, kiti cha pili.

Telesia alisimama. Akainamisha kichwa. Akatoka nje mpaka kwenye kamba ya nguo, akaanza kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Daktari akabaki mdomo wazi.

Mnajua kwa nini? Kwetu kaka na dada hawazungumzii miili yao. Hawakai chumba kimoja kutazama televisheni. Toka amebalehe Uesile analala gereji, ndiyo desturi. Kumuuliza Telesia habari za mwili wa kaka yake mbele ya kaka yake ni sawa na kumwambia avue nguo kanisani.

Lakini daktari angejuaje?

Akamuuliza Saimone. Saimone akasema yuko salama. Akamuuliza Uesile. "Freshi kabisa, dokta." Mimi hakuniuliza. Labda aliona bibi kizee anasuka mkeka.

Akaandika kwenye karatasi yake: familia haina wasiwasi.

Jumamosi iliyofuata Uesile akacheza dakika hamsini na sita.

Sasa turudi sebuleni, siku ya kelele.

Lesieli alisimama. Binti yangu ni mrefu, akisimama taa inaonekana iko chini.

"Daftari limetoka nyumba hii," akasema. "Na mwenye kujua njia za madaktari humu ndani ni mmoja. Telesia!"

"Naam, Shangazi," sauti ikatoka nyuma ya mlango.

"Ni wewe?"

Lesieli akapiga hatua kuelekea jikoni.

"Nakuuliza wewe! Ni wewe uliyemkatia kaka yako riziki?"

Hawezi kujibu! Kaka yake yuko umbali wa hatua tatu, na jambo lenyewe ni mwili wake. Lesieli analijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini hasira ilikuwa imempanda mpaka kwenye nywele.

Nikasikia kikombe kikigongagonga sahani huko jikoni.

Nami nikafanya jambo ambalo sikulipanga.

"Ni mimi."

"Nini, Mama?"

"Daftari langu. Nimeandika mimi, nimepeleka mimi."

"Umepelekaje? Wewe hujui hata basi la kwenda sokoni!"

"Nilipanda treni."

"Treni gani?"

"Ya... ya saa tatu."

"Ya saa tatu inakwenda wapi?"

"Inakwenda huko."

Pengine siku nyingine tungecheka. Siku ile hapana.

Nikamtazama Uesile. Nilitegemea hasira. Haki ya Mungu sikuona hasira. Kijana alikuwa ameduwaa, mdomo wazi, kama aliyerusha jiwe kwenye kichaka kitupu akasikia mtu analia.

"Bibi..." akasema polepole.

"Nyamaza," nikamwambia. "Yameshakwisha."

Lesieli akachukua mkoba wake. Akasimama mbele yangu. Machozi yanadondoka kwenye mkeka.

"Mama, umemzika mjukuu wako akiwa hai."

Akatoka. Nikasikia mlango wa gari. Nikasikia akizing'oa zile bendera.

Saimone akatoka kwenda kuosha gari ambalo alikuwa ameliosha asubuhi.

Nilipoingia jikoni Telesia akanikumbatia. Analia, ananong'ona.

"Asante, Bibi. Asante sana. Mimi nilishindwa. Kila siku nilikuwa nasema kesho nitampigia daktari. Nikashindwa."

"Asante ya nini, mwanangu?"

"Ya kulipeleka daftari."

Nikamwachia. Nikamtazama usoni.

"Telesia. Si wewe?"

"Mimi? Si wewe, Bibi?"

Tukabaki tunatazamana, wanawake wawili na birika linachemka.

Kama si yeye, na si mimi... nani?

Saimone? Saimone hawezi kupeleka hata gari gereji bila kumuuliza dada yake.

Lakini nilikuwa nimeshakiri. Nikaona heri liniishie mimi kuliko kumrudia yule mtoto.

Wiki saba zikafuata. Sijui niwaelezeeje wiki hizo. Si kwamba kuna aliyenipiga au kunitukana. Ni vitu vidogo. Kanisani benchi langu lilikuwa la watu watano, likawa la mtu mmoja. Zamu za kupika akapewa mwingine kuziandika, na anakosea majina. Lesieli akahamia upande wa pili wa kanisa, anaimba ameangalia ukutani. Kila Ijumaa kwa miaka kumi na tisa alikuwa anakuja kwangu kula nyama ya kondoo niliyoifunga kwenye majani ya magimbi na tui la nazi. Ijumaa ya kwanza nilipika. Ya pili nilipika. Ya tatu nikapika ya watu wanne.

Mpaka vidole vilichoka. Mkeka haukuongezeka hata shubiri.

Na Uesile? Uesile ananizunguka. Naingia, anatoka. Ananibebea mifuko, ananifungulia mlango, ananiletea mto wa mgongo. Lakini hanitazami machoni.

Nikasema moyoni, bado ana hasira nami. Sawa. Ataishi, na hasira zake. Mimi nataka aishi.

Mwezi wa kumi tukaitwa hospitali. Saimone alitupeleka. Uesile akaingizwa kwenye ile mashine kubwa ya kupiga picha za ubongo, baba yake akakaa nje ya mlango kama mlinzi. Mimi Daktari Whitlock akaniita ofisini kwake. Peke yangu.

Safari hii alikuwa amejifunza. Hakumtafuta Telesia. Aliweka simu katikati ya meza, na ndani ya simu kulikuwa na mkalimani, mwanamke wa Kitonga nisiyemjua, yuko mji mwingine. Nyuma yake nilisikia mbwa anabweka.

"Mama, shikamoo. Daktari anasema asante kwa daftari."

"Mwambie asijali."

"Anasema miaka yote ya kazi hajaona kumbukumbu zilizoandikwa vizuri namna hii. Tarehe, saa, mpaka mkono gani."

"Mwambie darasa la sita."

Daktari akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akasogeza karatasi upande wangu.

"Anauliza, na hizi kurasa za mwisho? Ulikuwa unazijua?"

"Kurasa zipi?"

Nikavaa miwani. Kizungu. Mimi Kizungu nasoma cha kwenye makopo ya samaki tu. Lakini sikuhitaji kusoma...

Herufi zilikuwa zimeegemea kushoto, zote, kama nyasi kwenye upepo. Naujua mwandiko huo tangu shule ya awali. Niliushika ule mkono mdogo mimi mwenyewe nikijaribu kuunyoosha, ukakataa kunyooka.

"Hii kaandika nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

Mkalimani akazungumza na daktari. Daktari akashangaa. Wakazungumza tena.

"Mama, daktari anasema alidhani unajua. Kijana mwenyewe ndiye aliyelileta daftari. Jumanne, asubuhi, kabla ya mazoezi, wakatoa nakala akarudi nalo. Alikuwa ameshalitafsiri lote kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Na mwisho akaongeza ya kwake."

Wasomaji wangu...

Yeye mwenyewe!

Aliyepiga kelele "nani ameniuza" mpaka jirani akazima mashine!

"Nisomee," nikasema.

"Mama, una uhakika?"

"Nisomee, binti."

Akasoma. Sauti ya mtu nisiyemjua, na maneno ya mtoto niliyemlea.

"Mwezi wa kumi na moja, kabla ya msimu, tulipimwa vichwa. Nilijibu vibaya makusudi. Wengi tunafanya hivyo. Ukianza na alama mbaya, ukigongwa baadaye unaonekana hujabadilika."

"Endelea."

"Siku ya chai niliiona chai. Nilijua ni lazima niache kumimina. Mkono haukunisikia."

"Endelea."

Mkalimani akakohoa. Mbwa alikuwa amenyamaza.

"Tarehe 30 Julai. Leo asubuhi nilimkuta mwanamke mzee jikoni. Nilijua kwamba ananipenda. Sikujua ni nani. Nikakaa, nikala alichonipa, nikamshukuru."

...

Naikumbuka asubuhi hiyo. Ilikuwa viazi vikuu vya kuchemsha na samaki wa kopo. Aliniambia "asante sana, mama," kwa heshima, kama mgeni. Nami nikafurahi! Nikasema moyoni, leo ameamka vizuri. Siku hiyo sikuandika chochote kwenye daftari.

"Mama? Bado upo?"

"Nipo."

Daktari Whitlock alikuwa amenishika mkono. Mikono yake baridi sana yule mama.

Uesile alipotoka kwenye mashine nilimkuta kwenye benchi nje ya jengo, anakula mkate wa nyama. Baba yake kafuata gari. Nikakaa. Nikamwacha ameze kwanza.

"Mwandiko wako bado umelala kushoto."

Akaacha kutafuna.

"Kwa nini ulitupigia kelele, Uesile?"

Alichukua muda. Siku hizi anachukua muda, lazima umsubiri.

"Bibi, ningesemaje? Ningekwenda kwa Shangazi nimwambie nataka kuacha? Angesema cheza msimu mmoja tu, wa mwisho, wa jezi nyekundu ya taifa. Na mimi siwezi kumkatalia. Ningecheza." Akapangusa mdomo. "Lakini mtu aliyeuzwa hajakataa. Ameuzwa tu. Hakuna wa kumlaumu."

"Isipokuwa aliyemuuza."

"Nilijua hakuna atakayejibu! Nilijua hakuna aliyefanya, basi nani atajibu? Ningepiga kelele, wangetafuta, wangechoka, basi. Ndio ulikuwa mpango." Akanigeukia, kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba macho yake yakakaa usoni kwangu. "Bibi, kwa nini ulijibu?"

"Nilidhani ni Telesia."

"Sasa kwa nini wewe hukukasirika? Ulikuwa unajua si wewe!"

"Nilikuwa nimefurahi, mjinga wewe. Nimefurahi kwamba kuna mtu amelipeleka."

Akalia. Kilo mia na kumi na mbili, analia na mkate wa nyama mkononi. Watu wanapita.

Mimi sikulia. Nilikuwa nimechoka hata kulia siwezi.

"Utamwambia shangazi yako," nikasema. "Mimi siwezi kuubeba mzigo huu mpaka kaburini. Ni mzito, na mgongo wangu unauma."

Jumapili baada ya ibada tukaenda kwa Lesieli, mimi na yeye. Uesile akavaa mkeka wa zamani kiunoni, ule unaomkaa juu ya magoti. Akakaa sakafuni karibu na mlango, kama inavyopasa mbele ya shangazi. Lesieli akanitazama, akatazama pembeni.

"Shangazi, mimi ndiye niliyelipeleka daftari. Si Bibi. Nilitaka kuacha. Niliogopa kukwambia."

Nilijiandaa kwa kelele. Nilikuwa nimeshaushika mkoba wangu.

Hakupiga kelele.

"Ulitaka kuacha tangu lini?"

"Mwaka jana. Pasaka."

"Pasaka." Akalirudia neno hilo mara mbili. "Uesile, katika ukoo huu wote ni nani anayeweza kukuambia acha, ukaacha, na asitokee mtu wa kukucheka?"

Uesile akainamisha kichwa.

"Kocha angesema nini? Kanisa lingesema nini? 'Shangazi yake amemkataza.' Basi! Limekwisha! Hakuna Mtonga mmoja Sydney nzima ambaye angeuliza swali la pili. Mimi ndiye niliyekuwa na neno hilo. Mimi! Na mimi ndiye pekee ambaye hamkuniambia!"

Wasomaji, nikatafuta kiti.

Kweli kabisa. Tumemzunguka miezi saba, tunamwogopa, tunamheshimu, tunamficha. Na ufunguo alikuwa nao yeye.

Akanigeukia.

"Na wewe, Mama. Uliandika tangu mwezi wa pili?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

"Na kila Ijumaa nilikuwa nakuja kula kwako."

"Ulikuwa unakuja."

"Nakaa meza ileile."

"Ileile."

"Na daftari liko wapi?"

"Chini ya bati la mkate."

Akainama, akaweka uso kwenye viganja vyake. Mwanangu ana miaka hamsini na moja. Nilikiona kisogo chake, mvi zimeanza kutoka, na sikuwa nimeziona.

Sasa mtaniuliza, je, kweli angemkataza? Siku ile ya mwezi wa pili, ningempigia simu nikamwambia mtoto kamwaga chai, angesema aache mpira? Au angesema ni uchovu, mpe samaki, Jumamosi tuna mechi?

Sijui.

Yeye anaapa kwamba angemkataza. Nami ni mama yake, namuamini mpaka saa sita mchana, jioni imani inanipungua. Hatutajua kamwe. Hiyo nafasi ya kujua niliifungia mimi, kwa mwandiko mzuri, na tarehe zake.

Watu wananisifu sasa. Daktari kanisifu. Telesia anasema daftari limemwokoa kaka yake. Lakini nawaambia ukweli wa mtu aliyekaa na jambo hili: kuandika si kusema. Nilikuwa naandika ili nisiseme. Kila nilipofunga daftari nilijiona nimefanya kitu, kumbe kijana alikuwa anakwenda kugongwa tena Jumamosi.

Daktari anasema hali haitazidi, mradi asigongwe tena. Alisema "huenda". Nilimwomba mkalimani arudie neno hilo mara mbili, nikidhani nimesikia vibaya.

Gari haruhusiwi kuendesha. Lesieli ndiye anayemchukua kwenda mazoezi ya kukumbuka, kila Jumatatu na Alhamisi. Hapigi honi. Siku nyingine Uesile anamuuliza njiani, "Shangazi, leo tunacheza na nani?" Naye anamjibu, "Leo hatuchezi, baba. Leo tunapumzika." Anamjibu hivyo kila mara, kana kwamba ameulizwa kwa mara ya kwanza. Nimemwona mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa kiti cha nyuma.

Uesile kaniruhusu niyaandike haya. Nimemsomea yote. Pale pa mwanamke mzee jikoni nilitaka kupafuta, akakataa.

"Acha, Bibi. Wapo wenzangu watasoma."

Basi wewe unayesoma, kama kuna mtu nyumbani kwenu ambaye hamumwambii jambo kwa sababu mnamheshimu mno, mwambie leo. Mwambie vibaya hivyohivyo, kwa kigugumizi, akiwa na chakula mdomoni. Usimwandikie. Akikasirika, atakuwa amekasirika akiwa anajua.

Mimi nimechoka, macho yanauma kwa hii simu. Mkiandika maneno hapo chini nitayasoma kesho baada ya ibada, nikipata mtu wa kunitafutia miwani.